Madumu Mawili ya Mafuta ya Taa kwenye Kaunta ya Tiketi

MAELEZO YA SHAHIDI
Yamechukuliwa kituoni, chumba cha upelelezi, tarehe 15, siku ya Jumatano, kuanzia saa nane na nusu mchana

Jina analojulikana nalo: Mama Pasi
Umri: Miaka 52
Kazi: Dobi, mwenye duka la kufua na kupiga pasi
Makazi: Nyumba za nyuma ya stendi ya malori, mlango wa tatu
Uhusiano na mshukiwa: Dada yake, tumbo moja

Mimi niliyetajwa hapo juu ninatoa maelezo haya kwa hiari yangu, na nimeonywa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Nimeelewa. Sina nafasi ya kusema uongo leo, afande, uongo unachukua muda. Naomba iandikwe mwanzoni kabisa kwamba nina karatasi moja mkononi inayohitaji saini ya kaka yangu, huyo mliyemfungia hapo nyuma. Karatasi hiyo isiporudi kwenye ofisi ya tiketi kabla ya saa kumi jioni, mke wake hatasafiri usiku huu, na mtoto wao atafanyiwa upasuaji kesho kutwa bila mama yake. Umesema tutafika huko, nianze mwanzo. Haya, naanza mwanzo.

Kaka yangu huyu mtaa mzima unamwita Greda, kwa sababu ameendesha greda na mashine za kuchimba tangu hajaota ndevu. Kwa miaka mingi alifanya kazi na kampuni ya kujenga barabara katika nchi za mbali. Wanampeleka kwa ndege, anakaa miezi mitatu minne, wanamrudisha, anabadilisha nguo, anaondoka tena. Shirika la ndege likampa kadi, na kila safari ikawa inaingiza pointi kwenye kadi hiyo. Kila mwanzo wa mwaka wanamtumia ujumbe kwenye simu: hongera mteja wetu mpendwa, pointi zako zinatosha kuruka bure. Bure. Neno hilo nimelisoma kwa macho yangu haya, maana yeye akipata ujumbe hunipa mimi nimsomee. Si kwamba hajui kusoma, ni kwamba alikuwa anapenda kulisikia.

Pointi hizo hakuzigusa. Aliacha kazi ile na mgongo mbovu na kadi iliyojaa, akasema pointi ni za mkewe. Mkewe, yaani wifi yangu, ni mpishi wa shule, mtu mpole, hajawahi kupanda ndege hata siku moja. Binti yao wa pekee anaishi ng'ambo, ameolewa na baharia. Amepoteza mimba mbili. Hii ni ya tatu, na presha imempanda, kwa hiyo madaktari wamesema Ijumaa watamfanyia upasuaji wamtoe mtoto kabla ya siku zake. Mumewe yuko melini, hafiki. Jumapili binti huyo alitupigia simu kutoka kitandani hospitali. Hakulia. Alisema tu, "Mama, njoo. Sitaki kuamka pale peke yangu." Kisha akaniomba mimi, "Shangazi, hakikisha amepanda." Nikamwambia atapanda. Nilimwahidi, afande, na mimi nikikuahidi nguo Alhamisi, unazikuta Alhamisi.

Mnamo tarehe 14 ya mwezi huu, yaani jana, majira ya saa nne asubuhi, mimi, kaka na wifi tulifika ofisi ya tiketi ya shirika hilo, ghorofa ya chini ya lile jengo la vioo mkabala na benki. Tulihudumiwa na binti wa kaunta namba mbili. Alikuwa na adabu, sina ugomvi naye. Alitazama kadi, akatabasamu, akasema pointi zinatosha na chenji inabaki. Kiti kipo, Jumatano usiku. Kaka akanikonyeza. Wifi alijiziba mdomo kwa mikono miwili.

Binti akaendelea kubonyeza. Akabonyeza tena. Tabasamu likaanza kupungua, na mimi mtu akinyamaza namna ile ninajua kuna doa limegoma kutoka. Akasema, "Sasa, hapa kuna tozo ya mafuta." Kaka akauliza ndiyo kitu gani. Akasema tiketi yenyewe ni bure, ila mafuta ya ndege abiria anachangia. Juu yake kuna kodi ya uwanja wa huku na kodi ya uwanja wa kule, halafu ada ya huduma, halafu ada ya kuja ofisini badala ya kujikatia mwenyewe kwenye simu. Nikamwambia kwamba jirani yangu alitujaribishia kwenye simu na hayo yote hayakuonekana. Akasema huonekana mwishoni kabisa, ukishamaliza kujaza kila kitu. Kisha akatugeuzia kioo cha kompyuta tukaona jumla.

Kiasi sikitaji, nikikitaja kichwa kitaniuma upya. Nitasema tu kwamba kilikuwa kodi ya duka langu ya miezi mitano. Na kaunta ya pembeni palikuwa na mwanamke anakata tiketi ya pesa taslimu, safari ileile, ndege ileile, na nauli yake nzima ilizidi tozo zetu kidogo tu. Yaani miaka yote ile ya kukaa ugenini ilikuwa na thamani ya hicho kidogo. Nilimwambia binti, mimi ni dobi. Mteja akileta suti nikamwambia leo nakufulia bure, halafu akija kuichukua nimdai sabuni, nimdai maji, nimdai umeme wa pasi, nimdai na kamba niliyoianikia, si atanivisha suti hiyo kichwani? Binti alicheka, kisha akageuka kuangalia kama kuna aliyemwona. Akasema, "Mama, si mimi ninayepanga." Nikajua kweli si yeye. Nikamuuliza, mafuta yalipoteremka bei, tozo iliteremka? Akarudi kubonyeza kompyuta yake.

Alitushikia kiti hadi leo saa kumi jioni, wanapofunga. Masharti yalikuwa mawili. Tozo ilipwe yote, na kwa kuwa msafiri si mwenye kadi, mwenye kadi asaini fomu ya kumpa mkewe hizo pointi. Saini isipokuwepo kiti kinaachiwa, na kiti kingine cha pointi hakipo mpaka baada ya wiki tatu. Wiki tatu! Mtoto atakuwa ameshapewa jina.

Nje ya ofisi ndipo tulipogombana. Mimi nina akiba yangu ya kununua mashine ya kufulia. Nilimwambia kaka nitalipa mimi, mashine itasubiri, mikono ninayo bado. Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. "Ukilipa hata senti moja, mimi sisaini. Na usiniite kaka." Wifi akamshika mkono akamwambia, "Baba, mtoto." Akamjibu, "Ndiye huyohuyo ninayemsemea! Alipoanza kutembea nilikuwa wapi? Angani. Alipomaliza shule nilikuwa wapi? Angani. Siku ya harusi yake niliingia watu wanafagia ukumbi. Hizo pointi nimeshazilipia. Sasa wananidai nini tena?" Aliyasema hayo barabarani, watu wanapita. Nilikuwa sijui kwamba siku hizo alikuwa anazikumbuka moja moja.

Umeniuliza kama kaka yangu ni mtu wa hasira. Ndiyo. Wote kwetu ni watu wa hasira, tumenyonya ziwa moja. Lakini hasira yake ni ya mdomo. Anapiga kelele, majirani wanachungulia, kisha anakwenda kulala. Leo asubuhi nilipopita kwao nilimkuta ananyoa ndevu na anapiga mluzi. Nikafurahi, nikadhani amekubali yaishe. Kumbe mwenzangu alikuwa ameamka na lake.

Hapa lazima nieleze jambo la kazi yao, la sivyo utamwona mwendawazimu. Watu wa mashine wana desturi. Ndugu au jirani akiomba greda ya kusawazishia kiwanja chake, anapewa bure, ila mafuta ni juu yake. Na hayo mafuta hatoi pesa. Pesa ya mafuta huliwa njiani, hilo halina siri. Analeta mafuta yenyewe kwenye dumu, mwendeshaji anayamimina kwenye tangi mbele ya macho yake, mashine inanguruma, kila mtu anamwamini mwenzake. Ukimpelekea mtu wa mashine bahasha, anaona umemwita mwizi. Kaka amekula na kulala na desturi hiyo maisha yake yote. Sasa ameambiwa safari bure, mafuta juu yako. Alifanya vile wanavyofanya.

Usinielewe vibaya, Greda si mjinga. Amepanda ndege mara nyingi kuliko kituo hiki kizima, na anajua haijazwi kwa dumu. Aliniambia tukiwa njiani, "Dada, mtu akikudai mafuta, mpelekee mafuta. Akiyapokea, tumemalizana. Akiyakataa, aseme mbele za watu kwamba si mafuta anayodai." Nikamwambia, "Kaka, hasira hasara." Akasema, "Nani ana hasira? Mimi nina madumu." Alinunua mafuta ya taa kwa sababu fundi mmoja wa ndege aliwahi kumwambia kwamba mafuta ya ndege na mafuta ya taa ni mtu na binamu yake. Alinunua madumu mawili ya lita ishirini pale njia panda, tena aliomba risiti. Risiti mnayo, mmeitoa mfukoni mwake.

Umeniuliza kwa nini sikumzuia. Afande, wewe una kaka mkubwa? Basi usiniulize. Na kwa kuwa nimekubali kusema kweli, nitasema hata hili: upande mmoja wa moyo wangu ulitaka kuona sura zao.

Tulifika ofisini saa tano kasoro. Wifi alikuwa amevaa kabisa nguo za safari, sanduku mkononi, koti la baridi amelikumbatia na jasho linamtiririka. Mlinzi wa mlangoni ndiye aliyetufungulia. Iandikwe hivyo. Alidhani ni maji ya kunywa ya ofisi, hata akamwambia kaka, "Pole na mzigo, mzee." Kaka akachukua namba kwenye kile kimashine cha foleni. Akakaa kwenye kiti cha chuma, madumu katikati ya miguu, akasubiri zamu yake kama watu wengine, karibu saa nzima. Palitokea mama mwenye mtoto mgongoni, akampisha. Mimi sheria sijasoma, lakini sijapata kusikia mtu aliyekwenda kuchoma jengo akachukua namba.

Mimi kukaa kulinishinda. Nilisoma mabango yote ukutani, wale wasichana wenye vitambaa shingoni wanaocheka saa zote, nikayarudia. Pesa ya mashine nilikuwa nayo kifuani, nimeifunga kwenye leso, na kila nikivuta pumzi ninaisikia. Nilikuwa nimeibeba tangu nyumbani bila kumwambia mtu. Mara simu ikalia, ni binti yetu. "Shangazi, tiketi mmepata?" Nikamwambia tuko kwenye foleni. Akauliza, "Baba ana hasira?" Nikamwambia hata kidogo, anapiga mluzi. Nikakata simu haraka kabla hajauliza la tatu.

Namba yetu ilipoitwa kaka alisimama, akaweka dumu la kwanza juu ya kaunta taratibu, akaweka na la pili. Akasema, "Habari za leo, binti. Tiketi ni bure, tulielewana jana. Mafuta haya hapa, lita arobaini. Kama hazimtoshi mtu mmoja mwembamba kama mke wangu, niambie nikaongeze."

Watu walicheka. Mwanamume mmoja nyuma yetu akasema kwa sauti, "Waambie, mzee! Hata mimi walinifanya hivyohivyo." Binti wa kaunta alijifunika uso. Meneja akatoka chumba cha ndani. Ni kijana, tai imemkaba shingo. Akasema, "Mzee, hapa hatupokei mafuta." Kaka akamuuliza, "Mnapokea nini?" Akasema, "Tozo ya mafuta." "Ndiyo nini hiyo?" "Ni mchango wa gharama za mafuta." Kaka akasukuma dumu mbele. "Si ndiyo huu mchango?" Meneja akasema yeye hana uwezo, ni mfumo ndio unaotoza. Kaka akamwambia, "Basi niitie huyo mfumo nizungumze naye, wewe nakuona mtoto wa watu tu." Ofisi nzima ikapasuka kwa kicheko, na mimi nilicheka. Nadhani kicheko hicho ndicho kilichoharibu. Kuchekwa mbele ya wafanyakazi wake kulimwingia yule kijana. Akamwambia mlinzi, "Toa hivi vitu nje, na huyu mtu naye."

Hapo kaka akaingiza mkono ndani ya koti. Meneja akapiga kelele, "Ana kiberiti!" Afande, alichokuwa anakitoa ni faneli. Faneli ya plastiki ya kumiminia mafuta, ya bluu, hiyo mliyoitia kwenye mfuko wa vielelezo. Alitaka waone kwamba hata faneli amekuja nayo, wasije wakasingizia hawana. Sigara havuti. Kiberiti hakuwa nacho, mmempekua wenyewe mpaka soksi. Mtu wa kuchoma haji na faneli.

Mlinzi akarukia dumu moja. Kaka akalishika upande wa pili, akamwambia, "Taratibu, hicho kifuniko kibovu." Wakavutana, likaanguka chini, kifuniko kikaruka. Mafuta yakatapakaa kwenye vigae. Mtu mmoja, sikumwona ni nani, akapiga kelele, "Moto! Moto!" na hapakuwa na moto wowote. Watu wote wakaelekea mlango mmoja. Yule mwanamume aliyekuwa anamshangilia kaka ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoka, tena kiatu kimoja alikiacha. Hakuna aliyeumia, nashukuru sana kwa hilo.

Niliogopa. Sifichi. Ofisi imejaa nyaya na kompyuta, chini mafuta, na wifi yangu hajasimama. Alikuwa amekaa palepale, miguu ameipandisha juu ya sanduku, mafuta yanapita chini yake. Nikamvuta mkono kwa nguvu. Akasema, "Wifi, nikitoka wataachia kiti." Mtu ananuka mafuta ya taa, watu wanakanyagana mlangoni, yeye anawaza kiti. Nikaacha kumvuta nikasimama naye.

Kaka naye alikuwa amepiga magoti. Alikuwa amevua koti lake anapangusia sakafu, anawaambia watu, "Msikimbie, mtateleza." Askari wenu walimkuta hivyo, na walimfunga pingu koti likiwa bado mkononi linachuruzika. Hakubisha. Alipokuwa anapita mbele yangu alisema, "Dada, usilipe." Hata mkewe hakumuaga.

Nimelipa.

Naomba hilo liandikwe nilivyolisema. Watu wa zimamoto walikuja wakamwaga mchanga, wakafungua milango yote, na saa saba na nusu ofisi ikafunguliwa tena upande mmoja. Binti wa kaunta namba mbili alirudi kwenye kiti chake macho mekundu, sijui ni mafuta au ni kulia. Nikafungua leso mbele yake. Akahesabu, akapiga mhuri, akasema, "Mama, samahani." Nikamwambia samahani akae nayo, anipe tiketi. Ndipo akanipa fomu hii, akaniambia atakaa kaunta mpaka saa kumi hata meneja akimwamuru aende nyumbani. Wifi nimemwacha pale na sanduku lake. Nilimwambia twende wote kituoni, akasema, "Nenda wewe, mimi sibanduki." Tangu tumefahamiana hajawahi kunijibu namna hiyo.

Umeniuliza kama ninaona kaka yangu alikosea. Alikosea. Alipeleka mafuta ndani ya ofisi yenye watu na watoto, na kama mtu angeumia leo nisingekuwa na uso wa kukaa mbele yako. Mkimshtaki kwa fujo, kwa uharibifu, kwa kuwachafulia watu sakafu, sitalalamika, nitaleta na sabuni. Lakini kutaka kuchoma, hapana. Hilo nitalikataa hapa na nitalikataa mahakamani.

Yeye na mimi tuna yetu ya kumalizana, na hayo hayahusu polisi. Amenikataza nikafanya. Ni mkubwa wangu, ndiye aliyenilipia chumba cha kwanza nilipoanza udobi, na leo nimemvunjia neno lake mbele ya mkewe. Kama ndiyo mwisho wa kuwa dada yake, basi nimeukubali, na unaniuma hapa nilipokaa. Lakini Ijumaa binti yetu akifumbua macho akamkosa mama yake, nani atamweleza kwamba baba alikuwa na haki? Haki alikuwa nayo. Nimesema na narudia, haki alikuwa nayo.

Siombi mumwachie. Ninaomba karatasi hii ipelekwe huko nyuma, asaini hapo palipowekwa alama, na kitambulisho chake kilicho kwenye droo yako kitolewe nakala. Nakala inatosha, binti ameniandikia hapa kwa mkono wake. Na akiuliza kama tozo imelipwa, afande, mimi sijui. Akijua hatasaini, namfahamu. Wewe ni mtu wa serikali, siwezi kukufundisha kudanganya. Ninakuomba tu usiwe mwepesi wa kujibu.

Saa ya ukutani nyuma yako inasema saa tisa imepita, na wewe unaandika kwa mwandiko wa kadi za harusi. Niliyoyaona, niliyoyasikia na niliyoyafanya mimi mwenyewe ndiyo hayo, sina la kupunguza, na la kuongeza ninalo ila sina muda. Nipe kalamu.

Saini ya shahidi: (imewekwa)

UTHIBITISHO WA AFISA

Maelezo haya nimeyaandika kwa mkono wangu kama shahidi alivyoyatoa, nikamsomea. Alisomewa akiwa amesimama mlangoni, kwa matakwa yake. Aliyakubali yote isipokuwa kauli inayohusu mwandiko wangu, ambayo aliomba radhi na kutaka ifutwe. Nimeiacha.

Kuhusu karatasi aliyokuja nayo: niliikagua na kuona haihusiani na kosa linalochunguzwa. Saa tisa na dakika kumi na tano niliipeleka mahabusu, pamoja na nakala ya kitambulisho. Mshukiwa aliisoma mbele na nyuma. Aliniuliza kama tozo imelipwa, na kama imelipwa, na nani. Nilimjibu kwamba swali hilo liko nje ya upelelezi wangu. Alitazama mikono yake, kisha akaomba kalamu. Alisaini.

Nilipokuwa ninafunga mlango aliniita. Alisema, "Mwambie dada asipite barabara kuu saa hizi. Apite nyuma ya kiwanda cha unga, ni mbali kidogo lakini hakuna foleni."